Kiingereza cha Watoto Wetu: Kusoma na Kufahamu

Hapana jambo limpendezalo mzazi kuliko kumsikia mwanawe akisoma kwa sauti. Awe asoma Kurani chuoni, au barua iliyotoka kwa mjomba, au kitabu cha Kiingereza ambacho mzazi mwenyewe hakijui hata neno moja, moyo wa mzazi hufurahi, na majirani husema, "Mtoto huyu amesoma." Nasi hapa Kitaya, ukingoni mwa mto Ruvuma katika mkoa wa Mtwara, twaisikia sifa hiyo mara nyingi. Watoto wetu wa kidato cha kwanza na cha pili husimama barazani wakasoma ukurasa mzima wa Kiingereza pasipo kusita, na wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Lakini mtihani ujapo, mtoto yule yule hurudi nyumbani na alama ambazo ni aibu hata kuzitaja. Mama mmoja alitujia akatuuliza, "Mwalimu, mwanangu huyu asoma Kiingereza kama maji; mbona anaanguka?"

Swali la mama huyu ndilo lililotushikisha kalamu.

Kwanza yafaa tueleze hali ya mahali petu, kwani asiyeijua Kitaya aweza kudhani kwamba twazungumza habari za watoto wavivu. Mtoto wa hapa huzaliwa katika Kimakonde. Kiswahili hukipata barazani na katika shule ya msingi. Chuoni hujifunza herufi za Kiarabu. Ng'ambo ya mto, ambako wengi wetu tuna shangazi na wajomba, watoto wa ukoo ule ule husomeshwa kwa Kireno, kwa kuwa wakoloni waliupitisha mpaka wao katikati ya jamaa zetu. Kisha mtoto wetu afikapo kidato cha kwanza, huambiwa kwamba tangu siku ile jiografia, hesabu, kemia na elimu ya viumbe, zote atafundishwa kwa Kiingereza.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari ikaachiwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Ushauri huo haukufuatwa. Mwaka 1984 wachunguzi wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi hii, wakaona kwamba hata katika Chuo Kikuu hawakufika 20 katika kila 100 wale walioweza kusoma kwa wepesi vitabu vilivyo rahisi vya masomo yao. Imepita miaka 40 na zaidi, na mabishano juu ya lugha yangali yakiendelea. Sisi hatuna uwezo wa kuyakata. Mtoto aliye mbele yetu hawezi kungoja mpaka wakubwa wapatane.

Darasa letu la jioni lilianza kwa sababu ya msiba. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 kijiji chetu kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka mto kutoka Msumbiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto, na jamaa nyingi zikakimbia. Waliporudi, watoto walikuwa wamepitwa na masomo, na katika nyumba nyingine hata daftari moja halikubaki. Ndipo tulipoanza kuwakusanya watoto saba au wanane baada ya sala ya alasiri, chini ya mwembe, kwa ubao mmoja na kitabu kimoja. Habari za siku zile hatutaki kuzirefusha, walioziona wanazijua.

Sasa turudi katika swali la mama. Siku moja tuliandika ubaoni sentensi hii: "The dhow left Msimbati before the wind rose." Maana yake ni kwamba jahazi liliondoka Msimbati kabla upepo haujaanza kuvuma. Chini yake tukaandika swali: "When did the dhow leave Msimbati?" Kijana mmoja akaandika upesi: "Before the wind rose." Jawabu ni sahihi, na shuleni angalipewa alama zote. Tukamwambia, "Haya, mwanetu, hebu tueleze kwa Kiswahili yaliyotokea." Akafungua kamusi. Akatafuta "left", akakuta "kushoto". Akatafuta "rose", akakuta "waridi". Akasimama akasema kwa adabu kabisa, "Jahazi kushoto Msimbati kabla upepo waridi." Wenzake wakacheka sana, walakini tulipowauliza wao mmoja mmoja, hapakuwa na aliyekuwa na jawabu lililo bora zaidi.

Msomaji atazame vizuri jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha shida yote. Kijana yule alipata jawabu pasipo kufahamu neno. Aliona katika swali neno "Msimbati", akalitafuta katika sentensi, akayanakili maneno yaliyolifuata. Mbinu hii watoto hujifunza wenyewe, wala hawafundishwi na mtu. Huwavusha mwaka wa kwanza. Lakini siku atakapokuja mtungaji wa mtihani akauliza, "Je, nahodha alikuwa mtu wa tahadhari?" hapana mstari wa kunakili, na mtoto hana pa kushika.

Tabia hii imetoka wapi? Wako wanaosema imetoka chuoni, kwamba mtoto aliyezoea kusoma Juzuu Amma pasipo kujua maana husoma na Kiingereza vivyo hivyo. Neno hili lina ukweli kidogo, nasi hatutalikataa kwa hamaki. Kusoma Kurani ni ibada, na msomaji hupata thawabu kwa kila herufi ajapokuwa hajafika katika tafsiri. Ukurasa wa Kiingereza hauna thawabu ya herufi; usipoifahamu maana yake hukupata kitu. Mtoto hajaambiwa tofauti hii na mtu, basi huzisoma kurasa zote mbili kwa namna moja. Tena hata huko chuoni masheikh wetu hawakuridhika na sauti peke yake. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alitoa magazeti kwa ajili ya kuwaamsha watu wa pwani wafahamu dini yao na dunia yao. Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy wa Unguja alifanya kazi ya miaka mingi mpaka tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ikatoka yote mwaka 1969. Wasingalitaabika hivyo kama sauti ingalitosha.

Lakini wanaokilaumu chuo husahau kwamba mtoto aliyepita huko huja na mali ambayo wengine hawana. Yeye ajua kwamba herufi yaweza kuandikwa isitamkwe. Mwambie kwamba "k" katika "knife" ni kama lam mbele ya herufi za jua, huandikwa na kupitwa kimya. Atafahamu mara moja, hali yule aliyezoea maandishi ya Kiswahili peke yake, ambayo kila herufi husikika, hushangaa. Na wazee wetu waliokuwa wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa mabingwa wa kufahamu. Katika maandishi yale ya zamani herufi moja yaweza kusomwa "b" au "p" au "mb", na msomaji hana budi kutazama yaliyotangulia na yanayofuata ndipo ajue ni neno gani. Mzee asiyefikiri hakuweza kuisoma barua ya mkewe. Hiyo ndiyo kazi ile ile tunayomtakia mtoto mbele ya "left" na "rose": atazame jahazi, atazame upepo, kisha ajiulize kama waridi laweza kuingia hapo.

Labda msomaji atasema, mbona Wachina hujifunza Kiingereza na kukishinda, nao lugha yao iko mbali nacho kuliko yetu? Ni kweli kwamba kijana wa sekondari wa China hufanya mazoezi mengi mno ya ufahamu. Katika mtihani wao mkuu wa kuingilia vyuo vikuu, uitwao gaokao, lugha ya kigeni hupewa alama 150, sawa na Kichina na sawa na hesabu, na walio wengi huchagua Kiingereza. Lakini kijana yule husoma kemia yake kwa Kichina. Akianguka Kiingereza, ameanguka somo moja. Mtoto wetu asipofahamu Kiingereza ameanguka karibu masomo yote kwa pamoja, na huenda alikuwa na akili ya kemia kuliko sisi sote. Kwa hivyo jambo hili si la mwalimu wa Kiingereza peke yake.

Katika mtihani huo wa Wachina limo zoezi moja ambalo tumeliiga. Huchukuliwa habari fupi, zikatolewa sentensi tano, mahali pake pakaachwa wazi; kisha mtahiniwa hupewa sentensi saba achague tano zinazofaa. Mbili ni za kumdanganya. Sisi chini ya mwembe wetu hatuwezi saba. Hutoa mbili tukampa mtoto tatu. Uzuri wake ni kwamba hapana cha kunakili. Mtoto hana njia ila kujua habari ilikuwa inakwenda wapi. Watoto hulipenda zoezi hili kama bao, na mara nyingi magharibi hutukuta tungali tukibishana.

Tumeona pia kwamba kila lugha ina mahali pake pa kujikwaa, wala haifai kumfundisha Mmakonde kama afundishwavyo Mchina. Tazama sentensi hii: "The pot fell on the stone and it broke." Kitu gani kilivunjika? Kwa Kiswahili hapana swali, kwa kuwa twasema "chungu kilianguka juu ya jiwe kikavunjika"; lingekuwa jiwe tungesema "likavunjika". Lugha yetu hubandika alama katika kila kitendo. Kiingereza husema "it" tu, kikamwachia msomaji atafute mwenyewe. Mtoto wetu hajazoea kutafuta, kwani tangu kuzaliwa hutafutiwa na lugha yake. Basi twamfundisha kusimama kila aonapo "it" au "they", achore mshale kwa chaki hadi neno linalokusudiwa. Ama "he" na "she" ni shida ya namna nyingine. Sisi husema "alikuja" kwa mume na kwa mke, kwa hiyo mtoto hupita juu ya "she" pasipo kuona kwamba ameambiwa habari. Wachina wanayo shida hii hii, maana katika usemi wao neno moja, "ta", hutumika kwa wote. Lakini katika wakati wa kitendo tuna nafuu kuliko wao. Kitendo cha Kichina hakibadiliki umbo. Chetu kina "li" na "me" na "ta", tena kina "nge" na "ngali". Mwambie mtoto kwamba "if he had known" ni "kama angalijua", naye amekwisha fika.

Sasa tutaeleza habari ya binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye jina lake hatutalitaja. Ni msomaji mwenye sauti nzuri kuliko wote. Baba yake ana mikorosho, na kila mwaka mikorosho inapotoa maua hununua dawa ya kupulizia. Mwaka huo alipata dawa ya maji, katika chupa yenye maandishi ya Kiingereza matupu. Akamwita bintiye asome. Binti akasoma: "Do not spray unless the air is still." Baba akauliza maana yake. Binti alijua "do not spray", alijua "air", na "still" alikuwa amejifunza kwetu kwamba ni tulivu. Lile neno la katikati akaliruka. Akasema, "Baba, wanasema usipulize hewa ikiwa imetulia."

Mzee ni mtu wa kutii maandishi. Asubuhi tulivu zikapita hali yeye amekaa. Akangoja mpaka upepo ulipovuma, ndipo akaingia shambani na bomba lake. Dawa ikamrudi usoni, macho yakavimba siku mbili, na sehemu kubwa ya dawa ikaenda katika miti ya jirani ambaye hakuchangia hata senti. Alipopona hakuikasirikia chupa. Alisema, "Miaka miwili ya sekondari, na chupa haijasomeka." Akaapa kwamba kama binti hatapita upimaji wa kidato cha pili, ambao asiyepita hurudia darasa, basi hatalipa tena hata peni moja; atakaa nyumbani. Na sote twajua maana ya binti kukaa nyumbani. Posa zilikuwa zimekwisha anza kuulizwa kwa pembeni, ingawa sheria tangu mwaka 2016 yakataza kumwoza mwanafunzi.

Binti alituletea chupa yenyewe, imeoshwa, machozi yakimlengalenga. Tukaandika "unless" ubaoni kwa herufi kubwa. Hatukumpa maana ya kamusi. Tuliwauliza watoto wote: katika shahada mnayoitamka kila siku, neno "illa" lafanya kazi gani? Wakanyamaza. Tukawauliza tena: mtu akiitamka shahada akalitupa "illa" na yaliyo baada yake, amesema nini? Kijana yule wa jahazi akashtuka, akasema, "Mwalimu, atakuwa amekanusha tu!" Tukawaambia kwamba "unless" ni jamaa ya "illa", mwenye kuliruka hubakiwa na nusu ya maneno, na nusu hiyo huenda ikawa kinyume cha yote. Usipulize, ila hewa iwe imetulia. Binti akaisoma chupa mara ya pili, polepole, bila sauti. Kisha akatazama chini, akasema, "Basi zile asubuhi alizokaa ndizo zilizokuwa zenyewe." Tangu siku hiyo katika darasa letu hapana aliyeliruka neno "unless", na wadogo wameliita "illa ya Kizungu".

Maneno kama hayo ni machache: "unless", "although", "until", "hardly", "instead of". Mtoto aweza kuyaandika yote katika ukurasa mmoja wa daftari. Ndiyo yageuzayo habari, nayo ndiyo yarukwayo zaidi, kwa sababu hayana sura. Hayaonyeki kwa kidole kama chungu na jiwe. Majina ya vitu ni kazi nyingine. Waliochunguza jambo hili wasema kwamba msomaji ahitaji kuyajua maneno 95 hadi 98 katika kila 100 ya ukurasa ndipo aufahamu pasipo msaada. Vitabu vya jiografia na kemia apewavyo mtoto wetu wa kidato cha kwanza vina maneno mageni mengi kupita kiasi hicho. Kwa hivyo sisi hatuanzi navyo. Huanza na hadithi fupi, nyepesi hata za kuchekesha, ambazo mtoto wa shule aona haya kushikwa nazo. Aone haya, lakini asome nyingi.

Na mzazi asiyejua Kiingereza afanye nini? Tulimwambia yule mama wa kwanza asimsifu tena mwanawe kwa sauti. Amwache asome kimya, kisha amuulize kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde kama ndicho kimjiacho, mambo matatu: nani kafanya nini, kwa nini, na wewe umejuaje? Hili la tatu ndilo zito. Mtoto aliyefahamu ataweka kidole juu ya mstari aseme, "Hapa, mama." Aliyenakili atazungukazunguka. Mama hana haja ya kujua mstari wasema nini. Atazame kidole tu, kinakwenda moja kwa moja au kinatangatanga. Mama huyu hajui kusoma herufi yoyote isipokuwa za Kurani, naye sasa amekuwa msimamizi mkali kuliko sisi. Mwanawe alitulalamikia kwamba nyumbani hapana tena raha ya kusoma.

Habari ya binti haijamalizika, wala hatutaki kuipamba. Upimaji ni mwishoni mwa mwaka, wakati wa mavuno ya korosho, ambapo kila mkono wahitajiwa shambani na macho hulala mapema. Baba yake hajaondoa neno lake. Lakini juzi amenunua dawa nyingine, akaileta mwenyewe chini ya mwembe, akamkabidhi binti mbele yetu akamwambia, "Isome yote. Nitarudi baada ya magharibi uniambie, na hilo la Kizungu lao usiliruke." Binti akaomba daftari, akachora mishale yake.

Zoezi la juma lijalo tumekwisha liandika. Ni habari ya watu wanne wanaovuka Ruvuma kwa mtumbwi wakati maji yamejaa. Ina "although" mbili, "until" moja, na "it" tano, na mojawapo ya hizo tano hata sisi tulipoitunga ilitubidi tusome mara mbili ndipo tujue ni mto au ni mtumbwi.